Dadangu hataki niwe muuguzi kwa ajili yake

Mama Mshauri,

Habari ya siku nyingi. Mimi ni msomaji wako wa hapa Kisumu, mtaa wa Nyalenda. Jambo hili limekuwa likinizunguka kichwani tangu mwezi wa tano na sijapata pa kulipeleka. Nikimwambia mama ataumia. Nikimwambia mjomba atadhani natafuta kisingizio. Kanisani wananijua kama kijana mtulivu na sitaki waanze kunihurumia.

Nina miaka 25 na mimi ndiye kifungua mimba. Aliyenifuata alikuwa mvulana. Alifariki akiwa na miaka miwili, mimi nikiwa na mitano. Nakumbuka vidole vyake vilivimba, akalia usiku kucha, na alfajiri mimi nikapelekwa kwa jirani. Niliporudishwa nyumbani nilikuta watu wengi wameketi uani na hakuna aliyenieleza chochote. Nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia shangazi mmoja akisema hiyo ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa katika boma letu. Sikujua mwiko gani, wala nani aliyeuvunja. Nilikaa na neno hilo miaka mingi.

Baadaye akazaliwa dadangu. Alipofika miaka mitatu macho yake yakawa ya manjano, akawa analia miguu, na hospitalini wakasema ana selimundu, hii ambayo watu wengi huiita sikoseli. Baba wakati huo alikuwa kibarua katika mashamba ya miwa upande wa Muhoroni, tulikuwa tukimwona mwisho wa mwezi. Mama alikuwa akinunua omena ufuoni Dunga alfajiri na kuiuza Kibuye hadi jioni. Kwa hiyo siku dadangu alipolazwa mara ya kwanza, sista mmoja wa wodi ya watoto alinivuta kando, akainama mpaka macho yetu yakakutana, akaniambia: "Wewe ndiwe msaidizi wangu nyumbani. Maji anywe mengi, asipigwe na baridi, na akipata homa usingoje mama arudi sokoni." Nilikuwa na miaka tisa. Mama Mshauri, sijawahi kujiona mtu mkubwa kama siku ile.

Nilifanya alivyoniagiza. Vidonge vya foliki nilivihesabu mimi. Usiku niliamka kumgusa paji la uso. Mara kadhaa nilimbeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari akiwa ameshikwa, yaani yale maumivu ya mifupa yanayokuja ghafla. Mpira sikucheza sana, na shuleni nilikosa siku nyingi, ingawa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata C+. Baada ya hapo nikaajiriwa katika duka la hadwea ili mama apate nafuu ya karo na dawa. Hata leo jirani akikohoa usiku, mimi huamka.

Sasa nimepata nafasi ya kusomea diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, natakiwa kuripoti Septemba. Wakati huohuo mjomba, ambaye ana duka la vifaa vya umeme Nakuru, amesema atanilipia kozi ya umeme na kunipa kazi nikimaliza. Yeye anasema uuguzi ni kazi ya wanawake, tena anasema: "Umetoka kumuuguza mmoja, sasa unataka kuuguza kata nzima?"

Maneno ya mjomba nayaweza. Yaliyonivunja ni ya dadangu. Yeye sasa ana miaka 19, yuko chuo kikuu Kakamega mwaka wa kwanza, anameza dawa ya haidroksiyurea na hashikwi mara kwa mara kama zamani. Nilimpigia kumpa habari njema. Akanyamaza, kisha akasema: "Usinifanye mimi sababu. Nimechoka kuwa mgonjwa wako." Akakata simu. Labda bado ana hasira ya Aprili, kwa sababu nilimpigia rafiki yake wa kiume nikamweleza hali yake, ili ajue la kufanya akishikwa wakiwa pamoja. Kumbe hakuwa amemwambia.

Niseme pia kwamba si yeye peke yake ninayemsaidia. Jumapili mchana huenda kwa mzee mmoja jirani aliyepata kiharusi. Alikuwa mtu wa reli. Namnyoa ndevu, namnyoosha ule mkono uliolala, namtoa nje akae kivulini. Hunisimulia habari za meli za ziwani na wakubwa wake wa zamani, anawaiga sauti, tunacheka mpaka yeye anaanza kukohoa, na mara nyingine giza linaingia sijajua saa zimekwenda. Mkewe husema ningefaa kuwa daktari. Lakini hilo si hoja.

Hoja yangu ni hii: je, mimi napenda kazi hii kweli, au ni hofu ya utotoni inayonisukuma? Na nikienda kwa mjomba, nitakuwa nimekimbia?

Kifungua Mimba, Nyalenda

*

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa na kila mara nimesimama pale dadako aliposema amechoka kuwa mgonjwa wako. Wewe umeyapokea maneno hayo kama mlango uliofungwa. Mimi nimekuwa muuguzi huku Nyanza kwa miaka mingi kabla ya kusomea ushauri nasaha, na nayasikia kama maneno ya mtu akupendaye, aliyethubutu kukwambia lile ambalo wagonjwa wengi hutuficha hadi wanatoka hospitalini. Nitarudi kwake. Acha kwanza tuzungumze juu ya ndugu yako aliyetangulia, maana nadhani yeye ndiye chanzo cha mengi, na umempa mistari michache tu.

Hakukuwa na chira. Selimundu hurithiwa. Mama yako alikuwa na jeni moja yenye kasoro hiyo, baba yako naye moja, wote wawili wakiwa wazima wasiojua lolote, na katika kila mimba kulikuwa na uwezekano wa robo kwamba mtoto angechukua zote mbili na kuugua. Wewe hukuugua, wadogo zako wawili waliugua. Hakuna aliyevunja chochote. Na kama unajiuliza kwa nini ugonjwa huu umejaa huku kwetu kuliko kwingine, jibu lilipatikana zamani. Anthony Allison, daktari aliyekulia Gilgil, huko huko kaunti ya mjomba wako, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya mwaka 1949 akiwa bado mwanafunzi. Akakuta wabebaji wa jeni hiyo ni wengi kandokando ya Ziwa Victoria na huko Pwani, na ni wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: mwenye jeni moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Wazee wetu wa ziwani waliponea malaria kwa jeni ile ile ambayo, ikikutana mbili katika mtoto mmoja, humuumiza. Hicho ndicho kilichotokea nyumbani kwenu.

Najua ulipokua ulijifunza kuwa ni ugonjwa. Lakini mtoto wa miaka mitano aliyesikia neno zito nyuma ya mlango, na asipate mtu wa kumfafanulia, mara nyingi hujijumlisha ndani yake: pengine ni mimi niliyefanya kitu. Akija kukua anaweza kuwa na shahada ya sayansi na bado mtoto yule akawa anaishi kana kwamba ana deni ambalo hakulikopa. Nakuomba umketishe mama yako jioni moja na umuulize habari za huyo ndugu yako. Alikuwa anapenda nini? Jina lake mara ya mwisho lilitajwa lini kwenu? Unasema mama ataumia. Mama huyo ameumia tayari kwa miaka ishirini, peke yake, huku akichuuza omena. Huenda akafurahi kumpata mtu wa kumkumbuka naye.

Sasa tuje kwa yule mtoto wa miaka tisa.

Sitaki usome mahali kuhusu utoto na majeraha ukaanza kuona mama alikudhulumu. Huku kwetu mtoto wa kwanza kubeba wadogo mgongoni, kupika, kuchota maji, ni malezi, na wengi tuliinuka hivyo. Daktari wa akili Ivan Boszormenyi-Nagy, aliyeandika mwaka 1973 juu ya watoto wanaobebeshwa nafasi ya mzazi, hakusema kwamba mtoto asitoe. Alichojali ni kama utoaji wake unaonekana, unatambuliwa, na kama naye anapokea kwa zamu yake. Ukipima barua yako kwa kipimo hicho utaona pengo. Umenieleza ulivyomgusa dadako paji la uso. Nimetafuta mahali ambapo mtu alikugusa wewe, au alikuuliza umelalaje, na sikupaona, isipokuwa pale wodini, sista alipoinama mkatazamana macho kwa macho. Haishangazi kwamba siku hiyo ndiyo unayoikumbuka kwa furaha kuliko zote. Ulionekana.

Yule sista alifanya jambo jema. Emmy Werner, mtafiti aliyefuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kisiwani Kauai, Hawaii, hadi wakawa watu wazima wa miaka arobaini, aligundua kwamba takriban thuluthi moja ya waliolelewa katika shida nyingi kwa pamoja, umaskini, ugomvi, wazazi wagonjwa, walikua watu imara wenye huruma. Alipochunguza kilichowasaidia, mawili kati ya aliyoyakuta ni haya: kulikuwa na mtu mzima walau mmoja aliyewajali bila kuyumba, mara nyingi asiye mzazi, na mtoto alikuwa na wajibu wa kweli nyumbani ambao watu waliutegemea, kama kulea wadogo. Sista alikupa wajibu na heshima yake kwa pamoja. Kilichobaki bila kusemwa ni kwamba kazi ile ingekuwa na mwisho. Hakuna aliyerudi, dadako alipofika miaka kumi na mitano au kumi na minane, kukwambia: umefanya vizuri, sasa mwachie mwenyewe. Kwa hiyo bado uko zamu.

Swali lako lenyewe, kama ni upendo au ni hofu, linanipa taabu kwa namna lilivyokaa. Linadhani kwamba tamaa ya kusaidia ikizaliwa kwenye maumivu basi ina dosari. Ingekuwa hivyo tungefunga nusu ya wodi na madarasa ya nchi hii. Mwangalie Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, aliyepewa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Alipopokea tuzo alisimulia kwamba mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 11, na baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, akabaki kuwalea peke yake. Bruda mwenyewe alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa wasiojiweza. Je, tumhoji kama ualimu wake ni wito au ni pengo la mama? Wanafunzi wa Keriko walihitaji fizikia na mtu wa kuwaamini, wakapata vyote viwili.

Kwa hiyo usipoteze usingizi ukitafuta chanzo. Chanzo unakijua. Jiulize hofu ile inafanya nini mikononi mwako leo, ukiwa na mgonjwa mbele yako.

Na hapo barua yako imejibu yenyewe, mara mbili. Soma tena ulivyoandika juu ya dadako: ulihesabu, uliamka, ulibeba, ulipiga simu. Katika sehemu yote ile sikuona mahali mlipocheka. Hujaniambia anasomea nini huko Kakamega. Najua vidonge vyake na simjui yeye. Kisha soma ulivyoandika juu ya mzee wa reli. Mkono wake hautarudi ulivyokuwa, wewe unajua hivyo, na bado kila Jumapili unakwenda. Unajua sauti anazoziiga. Unajua anapenda kukaa kivulini. Saa zinakwenda huoni. Hukutumwa na mtu, hakuna sista aliyekuagiza, na ukikosa Jumapili moja huoni kama dunia itaanguka. Ukamalizia kwa kusema hilo si hoja. Kwangu mimi hilo ndilo lililoniamulia.

Nenda KMTC.

Nakwambia hivyo bila kusitasita, kwa sababu hamu ya kazi hii unayo, na ile uliyo nayo kwa mzee haina hofu ndani yake. Ila yapo mambo ya kurekebisha kabla ya Septemba, na la kwanza ni lile la Aprili.

Mwanangu, kumpigia rafiki wa dadako na kumweleza ugonjwa wake lilikuwa kosa, hata kama nia ilikuwa njema. Ukilifanya ukiwa umevaa sare, ni kosa la kazi linaloweza kukufikisha mbele ya Baraza la Wauguzi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na siri hiyo ni mali yake, awe mtoto wa watu au dada wa tumbo moja. Msichana wa miaka 19 ana haki ya kuchagua siku ya kumwambia mwenzake, maneno ya kutumia, na hata kutomwambia kabisa. Ulimnyang'anya siku hiyo. Usimwombe msamaha kwa simu. Panda matatu uende Kakamega, na usibebe dawa, wala uji, wala sweta. Mwambie ulikosea na usiongeze "lakini". Kisha muulize: ukishikwa, ungependa nani apigiwe? Akitaja mtu mwingine, kubali. Baada ya hapo ongeeni mambo mengine. Muulize anasoma nini. Kuanzia siku hiyo habari za vidonge aziseme yeye akitaka.

Itakuwa ngumu kuliko unavyodhani. Mkono utakuwa unaitafuta simu usiku. Ndiyo maana natilia mkazo jambo hili, kwa kuwa nimeona wodini linavyokwenda lisiposhughulikiwa. Nilifanya kazi na muuguzi mmoja aliyemuuguza mama yake tangu akiwa mtoto. Hodari sana, mikono myepesi, sindano yake hukuisikia. Lakini mgonjwa akikataa dawa, yeye alichukulia kama ametukanwa. Hakuweza kukabidhi zamu akaenda nyumbani. Alibaki saa mbili, tatu, akirudia kazi ambayo wenzake walikwisha kuifanya. Hakumwamini mtu yeyote na wagonjwa wake, na wagonjwa waliozidi kuwa dhaifu walimnyima usingizi. Aliacha kazi akiwa bado kijana, na wodi ilipoteza mtu mzuri. Mwingine, ambaye maisha yake ya utotoni yalifanana sana na ya huyu, alikuwa anajijua. Siku moja alilazwa mama aliyefanana na wake, mpaka namna ya kufunga kitambaa. Akamwendea msimamizi wa wodi akasema wazi: leo kitanda hiki nipokeeni, kesho nitakichukua. Kesho yake akakichukua. Huyo alidumu.

Tofauti yao haikuwa huruma, maana wote walikuwa nayo tele. Huyu wa pili alikuwa na mahali pa kuyasemea mambo yake. Wewe nawe tafuta mahali hapo kabla mambo hayajakulemea. Ukifika chuoni ulizia mapema ofisi ya ushauri nasaha, usingoje mpaka uvunjike. Ukimtafuta mshauri nje ya chuo, hakikisha amesajiliwa. Tangu mwaka 2014 tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia na bodi yake, na si utovu wa adabu kumuuliza mtu cheti. Mweleze habari za mlango ule na neno ulilolisikia. Mweleze kwamba huamka jirani akikohoa.

Kati ya sasa na Septemba, pia, nataka uone kazi hii mahali ambapo hakuna ndugu yako. Kila mtaa una wahudumu wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwasajili laki moja nchi nzima mwaka 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa. Mtafute wa Nyalenda umwombe akuruhusu kufuatana naye nyumba kwa nyumba siku zako za mapumziko. Au nenda tawi la Msalaba Mwekundu ujiandikishe kuwa mtu wa kujitolea. Utakutana na mgonjwa mkali wa maneno, na mtu aliyeacha dawa kwa makusudi, na mtoto ambaye hali yake itakuudhi kwa sababu ingezuilika. Jitazame unapotoka hapo. Je, unaweza kwenda kula? Unaweza kulala? Usipoweza siku ya kwanza si neno, wengi hatukuweza. Ukiona wiki zinapita na bado huwezi, mpelekee mshauri jambo hilo, na hata ukiahirisha kuripoti kwa muhula mmoja haitakuwa aibu.

Mengine ni ya kawaida na nitayapitia haraka. Kazi ni ngumu. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma takriban miezi mitano, na waliorudi walirudi na madai mengine mkononi. Wapo wahitimu wengi waliokaa nyumbani wakisubiri kuajiriwa, kwa hiyo usiende ukiamini kwamba ajira inakungoja mlangoni. Kuhusu kazi ya wanawake, mjomba wako hajaingia wodi ya wanaume siku za karibuni. Wauguzi wanaume tunao tangu zamani, na wazee wengi, kama huyo wako wa reli, hupendelea kuoshwa na mwanamume mwenzao.

Na wewe mwenyewe pima damu. Ndugu asiyeugua katika familia kama yenu ana uwezekano wa thuluthi mbili wa kubeba jeni moja. Haitakudhuru, lakini siku utakapofikiria kuoa, wewe na mwenzako mnapaswa kujua mnakoelekea.

Mjomba usimkwepe. Amekupa ahadi nzito na anastahili kuona uso wako. Nenda Nakuru, mfikie na mkono wenye kitu, hata kama ni samaki wa mama, na umshukuru kwanza. Hakosei kuhofia mfuko wako, wala kumfuata kusingekuwa kukimbia; wanaowasha taa hospitalini nao wanasaidia wagonjwa. Mwambie umechagua uuguzi kwa kuwa unaupenda, na usimtaje dadako hata mara moja katika maelezo hayo. Ukishindwa kueleza bila kumtaja, utajua bado kuna kazi ya kufanya moyoni. Kisha muombe akuruhusu kuja dukani kwake likizo, umfanyie kazi kwa malipo, yaende kwenye karo. Omba pia mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Diploma ni ya miaka mitatu, na mjomba aliyekataa Julai anaweza kuwa amelainika kufikia mwaka wa pili.

Ukishaanza kuingia wodini niandikie tena, nitapenda kujua. Na dadako naye akitaka kueleza upande wake, mwambie nafasi yake ipo hapa, wala hahitaji kupitia kwako.

Mama Mshauri